Afisa elimu kata, mwalimu mwenzake au simu: nani amsaidie mwalimu mwenye watoto wasiomudu kusoma?

Chukua darasa la pili lenye wanafunzi 80. Hamsini wanasoma sentensi fupi, ishirini wanakwama kwenye silabi kama "nywa" na "ngo", na kumi bado wanachanganya "ba" na "da". Mwalimu wao alikwenda semina ya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wakati wa likizo, akarudi na kitini na nia njema. Muhula umefika katikati na wale kumi wako palepale. Mwalimu huyu anahitaji mtu wa kukaa naye darasani, amwone anavyofundisha, wazungumze, kisha arudi tena kuona kama kuna kilichobadilika. Kazi ya mwalimu mkuu ni kuamua mtu huyo awe nani.

Kwa shule nyingi za msingi za serikali Tanzania chaguo ni tatu: afisa elimu kata anayepita shuleni, mwalimu mwenzake wa shule hiyohiyo chini ya utaratibu wa MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), au mwezeshaji wa mbali kwa simu. Tunazilinganisha kwa kigezo kimoja tunachokiona kikubwa kuliko vyote: je, msaada huo unamfikia mtoto aliye nyuma, au unaishia kwenye andalio la somo?

Kwanza, kwa nini semina peke yake haitoshi

Jambo hili limepimwa vizuri Afrika Kusini. Katika Mkoa wa Kaskazini Magharibi, kuanzia mwaka 2015, shule 50 zilipewa mipango ya somo, vitabu vya kusoma na mafunzo ya walimu kituoni. Shule nyingine 50 zilipewa mipango na vitabu vilevile, lakini badala ya mafunzo ya kituoni mwezeshaji aliwafuata walimu darasani. Shule 80 hazikupewa chochote, ili ziwe za kulinganishia. Baada ya miaka miwili makundi yote mawili yaliyosaidiwa yalikuwa yamepanda katika kusoma Kitswana, ila kundi la mwezeshaji wa darasani lilipanda takriban mara mbili ya lile la mafunzo ya kituoni.

Matokeo hayo hutajwa mara nyingi, lakini sababu yake ndiyo yenye faida kwetu. Walimu waliotembelewa walianza kuwagawa watoto katika vikundi vidogo vya kusoma, na hapo kila mtoto akapata zamu ya kusoma na mwalimu akimsikiliza. Semina inaweza kumweleza mwalimu kwamba vikundi vinafaa. Kuvipanga mbele ya watoto 80, wawili wakipigana na mmoja akiomba kwenda chooni, ni ufundi unaojengwa akiwa na mtu pembeni.

Zikiwekwa pamoja

| | Afisa elimu kata | Mwalimu mwenzake | Simu |
|---|---|---|---|
| Kila mwalimu anafikiwa | mara 1 kwa mwezi hivi | kila wiki 2 | wakati wowote |
| Anawaona watoto walio nyuma | ndiyo, akikaa nyuma ya darasa | ndiyo, na anawajua kwa majina | hapana, anasimuliwa |
| Gharama kubwa | mafuta na siku zake | vipindi 4 kwa wiki vya kufidiwa | bando |
| Kinachoiharibu | sura ya ukaguzi | kuoneana haya | salamu na matangazo |
| Inahitaji | ajue kufundisha madarasa ya chini | mwalimu mkuu anayelinda ratiba | watu wanaofahamiana tayari |

Afisa elimu kata

Nguvu yake ni kwamba ameona shule nyingi. Akiona watoto wa shule moja wanakwama kwenye silabi changamano, anajua shule ya jirani walivukaje. Pia neno lake lina uzito kwa mwalimu mkuu: akisema mwalimu wa darasa la kwanza asihamishiwe darasa la sita katikati ya mwaka, anasikilizwa.

Piga hesabu ya muda wake kabla ya kumtegemea. Kata yenye shule 6, kila shule walimu 3 wa darasa la kwanza na la pili, ina walimu 18. Ziara ya maana kwa mwalimu mmoja huchukua saa moja na nusu ukijumlisha kuwapima watoto na mazungumzo, kabla ya safari. Akitenga siku 2 kwa wiki na walimu 2 kwa siku, anawafikia 4 kwa wiki, hivyo mzunguko mzima unachukua wiki nne na nusu. Hiyo ni hesabu ya wiki zisizo na mitihani, mbio za mwenge, vikao vya halmashauri wala takwimu za kukusanya. Wiki hizo ni chache. Ukiona mpango unaomtaka afisa wa kata amfikie kila mwalimu kila wiki, ujue umeandikwa na mtu ambaye hakugawanya namba hizo.

Tatizo lake kubwa zaidi ni cheo. Huyuhuyu anayekuja kusaidia ndiye anayeandika taarifa kwenda juu, kwa hiyo mwalimu humwandalia somo la maonesho. Zana zinaning'inizwa, wanaoulizwa ni wale watoto watano wa mbele, na kila jibu ni sahihi. Afisa anajaza fomu, anasifu, anaondoka. Wale kumi hawakufungua mdomo dakika 30 nzima, na hakuna aliyewaona.

Kenya ilijaribu kulikabili hili ndani ya mpango wa kusoma wa Tusome ulioanza nchi nzima mwaka 2015. Maafisa wa kusaidia mtaala, ambao walimu huwaita CSO, walipewa tableti. Kila walipoangalia somo waliwasomesha watoto wachache mmojammoja na kuingiza matokeo, na fidia ya nauli ilitegemea ziara ambazo tableti ilithibitisha kuwa zimefanyika. Hoja ya watoto wachache ndiyo ya kuiga, na haihitaji tableti. Afisa akifika, kabla ya kitabu cha wageni kufungwa, achague watoto 3 kutoka orodha ya walio nyuma (awachague yeye, si mwalimu) na kila mmoja asome kwa dakika moja. Mazungumzo na mwalimu yaanzie hapo. Somo la maonesho linapoteza maana mara moja, kwa sababu kinachoangaliwa si mapambo ya ukuta.

Kuna sharti moja zaidi. Afisa ambaye hajawahi kumfundisha mtoto herufi ya kwanza hawezi kumwongoza anayefanya kazi hiyo kila siku. Katika jimbo la Haryana, India, mpango wa kufundisha watoto kwa ngazi zao uliwataka wasimamizi wa shule wafundishe wenyewe kwa siku 15 hadi 20 kabla ya kuanza kuwaongoza walimu. Watoto wakapanda katika kusoma Kihindi. Kwetu, afisa elimu kata akikubali kufundisha kikundi kimoja cha wasiojua kusoma kwa wiki mbili, walimu watamwona kwa jicho jingine.

Mwalimu mwenzake

MEWAKA imeweka jumuiya za kujifunza ndani ya shule. Kwa hiyo shule haiombi ruhusa mpya kwa mtu yeyote. Ina mlango uliokwisha funguliwa. Pengo ni kwamba jumuiya nyingi hukutana ofisini, wakasoma moduli, wakajadili na kusaini mahudhurio. Darasani hakuna aliyekwenda. Ili jumuiya imsaidie mtoto aliye nyuma, lazima mmoja wao apewe muda wa kuingia kwa wenzake.

Muda huo si mkubwa. Mzunguko mmoja ni dakika 10 za kupanga, kipindi cha dakika 30, na dakika 20 za mrejesho: jumla saa 1, sawa na vipindi 2 vya madarasa ya chini. Mwalimu huyo, yaani mwezeshaji wa ndani, akipunguziwa vipindi 4 kwa wiki, anawafikia walimu 2 kila wiki. Shule yenye walimu 4 wa darasa la kwanza na la pili inamfikia kila mmoja kila baada ya wiki mbili, mara mbili ya afisa wa kata katika mwezi mzuri. Na kwa sababu yupo hapohapo, akishauri jambo Jumanne, Alhamisi anaweza kuchungulia kama limefanyika.

Vipindi hivyo 4 lazima viandikwe kwenye ratiba ya shule na vipewe mtu wa kuvifundisha. Vikiachwa kuwa hisani ya mwalimu wa zamu, vinakufa wiki ya tatu. Hapa ndipo mipango mingi ya ndani huanguka, na chanzo chake ni ratiba, wala si uvivu wa walimu.

Kikwazo cha pili ni heshima. Mwalimu mwenye miaka 6 kazini anamwambiaje mwenye miaka 25 kwamba watoto wa dirishani hawasomi? Kumtuma na fomu ni kumvunjia heshima mkubwa, naye kijana atarudi na maneno matamu yasiyo na kitu. Njia inayofanya kazi ni kuanza na yeye kuangaliwa: "Shikamoo mwalimu. Naomba uje darasani kwangu Jumatano, uwaangalie watoto watatu nitakaokuonesha, unihesabie wamesoma peke yao mara ngapi." Mkubwa akishahesabu kwa mdogo na kuona namba zake, kuhesabiwa yeye wiki inayofuata hakuumi. Ziara mbili za kwanza ziwe hivyo kila mahali, hata kama walimu ni marika.

Usimchague mwezeshaji kwa sababu ni mtaaluma au kwa sababu ana shahada. Chagua yule ambaye watoto wake walioanza nyuma wamesogea, na ambaye wenzake humwuliza mambo bila kulazimishwa. Halafu mlinde na kosa moja: kuwachukua watoto dhaifu wa madarasa yote akawafundishe yeye chini ya mwembe. Inaonekana ni huruma na walimu watamshukuru, lakini baada ya mwezi shule ina mwalimu mmoja anayejua kuwasaidia na wengine wamepumzika. Akipata uhamisho, kila kitu kinaondoka naye.

Simu

Kwa shule ya kisiwani au ya porini ambako pikipiki ya kata hufika mara moja kwa muhula, simu inavutia. Tusiifukuze, lakini tuijue kipimo chake.

Afrika Kusini tena, mkoa wa Mpumalanga, 2017 hadi 2019: shule 180, somo ni Kiingereza kama lugha ya pili. Kundi moja lilitembelewa na mwezeshaji, jingine lilipewa tableti na mwezeshaji wa kupiga simu na kutuma ujumbe. Baada ya miaka mitatu, watoto wa waliotembelewa walikuwa wamepanda katika kuongea na katika kusoma Kiingereza. Wale wa simu walipanda kidogo katika kuongea, katika kusoma hawakupanda, na katika kusoma lugha yao ya nyumbani walirudi nyuma. Hilo la mwisho ndilo la kutisha kwa anayewajali watoto wa chini.

Ukilitazama kwa jicho la darasa unaelewa ugumu wake. Kwenye simu mwezeshaji husikia anachosimuliwa na mwalimu, na mwalimu hawezi kusimulia asichokiona. Kama hajagundua kwamba mtoto wa safu ya nyuma anafuata midomo ya wenzake bila kutazama ubao, hatalitaja. Video nayo humwonesha mwalimu na ubao. Daftari la mtoto halionekani.

Simu inafaa kati ya ziara mbili za ana kwa ana. Siku ya tatu baada ya ziara, piga dakika 5 uulize jambo moja mliloahidiana. Mwalimu apige picha madaftari 3 ya watoto walio nyuma, kurasa tu bila sura wala majina, na kuzituma. Kundi la WhatsApp la walimu liwe la kata moja na lisizidi walimu 15 hivi. Likivuka hapo linajaa "asubuhi njema" na nyaraka za halmashauri, na swali la mwalimu kuhusu silabi linapita bila jibu.

Mwezeshaji aangalie nini, awe nani

Tofauti kati ya ziara inayosaidia na inayopoteza muda iko katika kinachoangaliwa kuliko katika nani kaja. Orodha ndefu ya ukaguzi (salamu, usafi, zana, malengo, tathmini) haimfikii mtoto. Chagua watoto 3 walio nyuma, kaa mahali unapoona madaftari yao, na hesabu vitu vitatu tu: mara ngapi kila mmoja amesoma au kujibu peke yake, mara ngapi amekosea na akasahihishwa papo hapo, na dakika ngapi alikuwa hana la kufanya.

Katika darasa la kusoma kwa pamoja, "ba, be, bi, bo, bu" ikiimbwa mara kumi, hesabu ya kwanza mara nyingi ni sifuri. Mtoto anaweza kuimba safu nzima amefumba macho. Tiba yake ni ndogo: baada ya kuimba, mwalimu aoneshe silabi bila mpangilio, "bo", "ba", "bu", amtaje mtoto mmoja, asubiri sekunde 3 kabla ya kumsaidia. Katika hisabati tazama makosa ya kutoa kwa kukopa. Mtoto anayeandika 42 − 17 = 35 hakukosea kwa uzembe; ametoa namba ndogo kwenye kubwa kila upande, 7 − 2 na 4 − 1. Mwalimu anayeweka alama ya kosa bila kuliona hilo atampa zoezi jingine na mtoto atalikosea vilevile. Mwezeshaji aliyesogea hadi kwenye daftari analiona kwa mtoto wa pili au wa tatu.

Mrejesho uwe siku hiyohiyo, faraghani, kamwe si mbele ya wanafunzi wala kwenye meza ya walimu. Anza kwa kumwuliza mwalimu aliona nini. Mpe zile hesabu. Chagueni jambo moja. Kisha, na hatua hii hurukwa karibu kila mahali, mwalimu alifanye hapohapo, mwezeshaji akiwa mtoto: aoneshe silabi, asubiri, asahihishe. Dakika 5 zinatosha. Mwalimu aliyepewa mapendekezo 8 hatekelezi hata moja, na aliyekubali moja bila kulijaribu hulisahau akikutana na watoto 80.

Kuchagua kwa hali ya shule yako

Shule yenye walimu wawili au zaidi wa madarasa ya chini, na angalau mmoja ambaye watoto wake wanasoma, ianze na mwalimu mwenzake. Hatuna wasiwasi na ushauri huu. Afisa elimu kata aje mara moja kwa mwezi, na kazi yake kuu iwe kumwezesha mwezeshaji: akae naye wakati wa mrejesho, amsikilize, amsahihishe baadaye.

Shule ambayo hakuna hata mwalimu mmoja anayefanikiwa na watoto hao inamhitaji mtu wa nje kwanza, kwa muhula mzima. Kuwaweka pamoja walimu ambao wote hawajui sauti za herufi zinavyofundishwa ni kuwafanya wabadilishane makosa. Kama afisa wa kata hajui, shule jirani yenye mwalimu hodari imwazimishe siku moja kwa wiki, nauli itoke kwenye fedha za uendeshaji wa shule kwa makubaliano ya kamati.

Wakala wa mpango mkubwa, shirika au halmashauri inayotaka shule zote kwa mpigo, ipunguze haraka. Uchambuzi wa tafiti 60, nyingi zikiwa za Marekani, uliochapishwa na Matthew Kraft na wenzake mwaka 2018 ulionesha kwamba uwezeshaji wa darasani huinua ufundishaji na ufaulu, lakini faida hupungua sana mpango unapovuka walimu 100. Wawezeshaji wazuri ni wachache, na wakiongezwa kwa haraka hupatikana wajaza fomu. Kata mbili zikifanywa vizuri mwaka huu zitazaa wawezeshaji wa kata nne mwakani.

Kuna watoto ambao hakuna mojawapo ya njia hizi itakayowatosha peke yake. Mtoto wa darasa la tano asiyesoma hawezi kungoja mwalimu wake aive. Huyo apate saa moja kila siku katika kikundi cha ngazi yake, si cha darasa lake, kwa namna ambayo shirika la Pratham la India limeieneza hadi Afrika: wasiojua herufi pamoja, wanaokwama kwenye maneno pamoja, wa aya pamoja. Mwezeshaji aende kuangalia kikundi hicho kabla ya darasa lolote jingine. Na mtoto anayeinamia daftari hadi pua iguse, au asiyeitika akiitwa kutoka nyuma, apelekwe kupimwa macho na masikio kituo cha afya wiki hiyohiyo. Mbinu ya kufundishia haitamponya.

Wiki 8 za kwanza

Wiki ya kwanza pimeni watoto wote mmojammoja: herufi, silabi, neno, aya. Kila mtoto dakika 3. Wanafunzi 80 ni saa 4, saa moja kwa siku 4. Andikeni ngazi ya kila mmoja kwenye karatasi moja inayobaki kwa mwalimu wa darasa. Wiki ya pili mwezeshaji aangaliwe yeye. Wiki ya tatu hadi ya saba mizunguko iende kwa zamu, jambo moja kila ziara, watoto 3 walewale kwa kila mwalimu ili mabadiliko yaonekane. Wiki ya nane pimeni tena wale waliokuwa chini tu.

Kama hesabu ya watoto kusoma peke yao imepanda darasani lakini ngazi hazijasogea, endeleeni; kusoma hufuata mazoezi kwa kuchelewa. Kama hata hesabu hiyo haijapanda, fungueni daftari la ziara. Mkikuta ziara zilifanyika na mambo yaliyokubaliwa ni "aongeze zana" na "ashirikishe wanafunzi", mbadilisheni mwezeshaji au mfundisheni upya kuhesabu vile vitu vitatu. Mkikuta ziara ni chache kuliko zilizopangwa, mwezeshaji hana kosa: rudini kwenye ratiba, mtafute nani alichukua vile vipindi 4.